Mgeni Aliyeshika Jembe Akafukuzwa

Juma hili nilikusudia kukuandikia juu ya kuhifadhi maharage yasitobolewe na wadudu wakati wa masika. Mada hiyo nimeiweka kando, nayo itasubiri. Limetokea jambo mlangoni pangu lililonikosesha usingizi. Na kwa kuwa ukurasa huu ni wa mambo ya nyumbani, na malezi ndiyo kazi ya kwanza ya nyumbani, nimeona si haki kukuficha.

Mimi ni mkazi wa Rwezamenyo, katika Wilaya ya Nyarugenge, mjini Kigali. Wenye kuujua mji huu wanafahamu kwamba Rwezamenyo, Biryogo na Nyamirambo ni mitaa iliyopakana, ambamo Kiswahili kimesikika sokoni, gereji na barazani tangu enzi za babu zetu. Hivi karibuni ulikuwa ukijengwa mtaro wa maji ya mvua karibu na kwangu. Miongoni mwa mafundi alikuwamo Mchina mmoja, mtu wa makamo mwenye kofia pana, ambaye kazi yake ilikuwa kupima mteremko kwa kile chombo chao cha miguu mitatu. Jioni moja nilirejea kutoka ofisini nikawakuta watoto wamejipanga nyuma yake. Walikuwa wakivuta pembe za macho kwa vidole, wakitoa sauti za kumwigiza anavyosema. Kiongozi wa kundi hilo alikuwa binti yangu mwenye umri wa miaka tisa.

Yule Mchina aliinama juu ya chombo chake kama asiyesikia. Nami, niseme kweli, nilicheka.

Hatua chache kutoka hapo alikuwapo jirani yetu, bibi mmoja aliyepita umri wa miaka themanini, ameketi mkekani anachagua mchele. Hakuwakemea watoto. Aliniita mimi.

“Mwanangu,” akasema, “wewe uliyesomea ualimu nawe wacheka? Hivyo hivyo ndivyo tulivyokuwa tukichekwa sisi.”

Nilimwamkia, nikaketi kando yake. Yaliyofuata ndiyo ninayotaka tuyazungumze leo.

KAMBI YA WASWAHILI

Bibi huyo alizaliwa Biryogo zamani za Mbelgiji. Baba yake alikuwa fundi cherehani aliyetoka upande wa Ujiji, mama yake Mnyarwanda. Siku moja baba huyo aliletewa habari kwamba dada yake amefariki katika mji mwingine. Hakuweza kufunga safari siku ile. Ilimbidi kwanza aende kuomba karatasi ya ruhusa ya kutoka, na mwenye kuitoa hakuwa na haraka. Alipofika msibani, kaburi lilikwisha kufukiwa, na waombolezaji walikwisha kutawanyika. Bibi anasema baba yake hakupata kulizungumza jambo hilo ila mara moja, na mara hiyo alizungumza huku akiendelea kushona.

Kwa nini mtu mzima, asiye na kosa, aombe ruhusa ya kwenda kumzika dada yake? Ili tulielewe jambo hili yatupasa turudi nyuma kidogo katika historia.

Wakati Mjerumani Richard Kandt alipoanzisha kituo cha Kigali mwaka 1907, waliomfuata hawakuwa Wazungu peke yao. Walikuwamo askari, wapagazi, wapishi, makarani na wafanyabiashara kutoka pwani na bara ya Tanganyika, na wengine wa asili ya Manyema katika Kongo. Wengi walikuwa Waislamu na lugha yao ya kukutania ilikuwa Kiswahili. Waliingia wakioana na wenyeji, na baadhi ya wenyeji wakaifuata dini yao. Mwaka 1913 ukajengwa msikiti wa kwanza wa Kigali, ule wa Al-Fatah, ambao mpaka leo ni fahari ya watu wa upande wetu huu.

Mwaka 1916 Mbelgiji aliingia na Mjerumani akatoka. Utawala mpya ulishikana mikono na misheni za Kikatoliki, na machoni pao Mswahili akawa mtu wa kutiliwa shaka: dini yake si yao, lugha yake yatoka ng'ambo ya mpaka, na kazi yake ya biashara humtembeza huku na huku akisikia na kusimulia mengi. Dawa waliyoiona ilikuwa kumtenga. Waswahili, wageni na wenyeji waliosilimu, wakawekwa katika mitaa yao maalumu iliyoitwa kambi za Waswahili, na Biryogo ilikuwa mojawapo. Kutoka kambini kwenda sehemu nyingine ya nchi kulihitaji kibali. Shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari, hivyo mzazi Mwislamu alilazimika kuchagua: ama mtoto asome na aiache dini ya nyumbani kwao, ama abaki na dini na akose kusoma. Bila elimu hiyo mlango wa kazi za serikali ulifungwa. Ndiyo sababu watu wa mitaa hii wakawa mafundi cherehani, madereva, makanika na wachuuzi. Watu husema Waswahili wa Kigali wana vipaji vya kazi hizo. Huenda ni kweli, lakini kwanza ni kweli kwamba milango mingine ilikuwa imefungwa.

Tena likafuata dhara lisiloandikwa katika sheria yoyote. Jina lenyewe “Mswahili” likageuzwa tusi, yaani mtu mjanja, mwongo, asiye na kwao. Hata baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962, na hata baada ya jumuiya ya Waislamu kutambuliwa rasmi mwaka 1964, tusi hilo halikuondoka pamoja na mkoloni. Kambi inaweza kufunguliwa kwa amri ya siku moja, lakini neno baya huendelea kukaa vinywani mwa watu kwa vizazi. Wale watoto waliovuta macho yao mtaroni hawakufundishwa na mkoloni. Walijifunza kwetu, kwa maneno tunayoyatupa ovyo mezani, na kwa kicheko kama kile changu.

MGENI SIKU MBILI

Wahenga walituachia semi mbili juu ya mgeni. Wa kwanza ni “mgeni njoo mwenyeji apone”. Wa pili ni “mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe”. Semi hizi huenda pamoja. Mgeni huleta heri, na mgeni hushirikishwa kazi. Mwenye kulishika jembe siku ya tatu si mgeni tena. Amekuwa mwenzetu, maana jasho lake limeingia katika ardhi yetu.

Je, itakuwaje basi kwa mgeni aliyepewa jembe, akalima kutwa, na jioni akaambiwa aondoke? Wahenga hawakututungia usemi wa jambo hilo, nadhani kwa kuwa hawakutaka kuliwazia. Lakini limetendeka, tena mara nyingi, na mfano mmoja ulio bayana kabisa uliwapata Wachina wenyewe, mbali na hapa.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba ukimweleza mtoto tukio moja peke yake, hudhani ni ajali. Ukiliweka sambamba na tukio la pili, huanza kuona kanuni. Kwa hiyo jioni ile nilimketisha binti yangu nikamweleza habari za mji uitwao Tacoma, ulioko magharibi ya Marekani, pwani ya Bahari ya Pasifiki.

Wachina walivuka bahari kwenda Marekani katikati ya karne ya 19. Jembe walilopewa lilikuwa zito. Maelfu yao, zaidi ya elfu kumi, walipasua majabali na kutandika reli iliyoshuka kutoka California kwenda kukutana na ile iliyotoka mashariki. Reli hizo mbili ziliungana tarehe 10 Mei 1869. Wengine walifanya kazi migodini, katika viwanda vya mbao, mashambani na katika madobi. Mradi kazi ilikuwa nyingi, walivumiliwa. Kazi zilipopungua, wafanyakazi weupe walielekezewa kidole chenye kuonyesha adui: si tajiri anayelipa ujira mdogo, bali Mchina anayeupokea. Mwaka 1882 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini. Sheria ilipokwisha kusema kwamba watu fulani hawatakiwi, mitaani wakatokea wa kuitekeleza kwa mikono yao. Tarehe 2 Septemba 1885, katika mji wa migodi wa Rock Springs, wachimba makaa wa Kichina wasiopungua 28 waliuawa.

Tacoma ilifuata miezi miwili baadaye. Wachina wa mji huo waliamriwa wawe wameondoka ifikapo mwanzo wa Novemba. Wengi waliondoka kwa hofu. Asubuhi ya tarehe 3 Novemba 1885 mamia ya watu walipita nyumba kwa nyumba wakiwatoa waliosalia, wapatao mia mbili. Meya wa mji, Jacob Weisbach, alikuwa pamoja na wenye kufukuza, na yeye mwenyewe alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani. Wachina wale wakaswagwa kwa miguu, mvua ikinyesha, mwendo wa kilomita kama 13 mpaka kituo cha reli cha Lakeview, wapandishwe treni ya kwenda Portland. Walikuwamo wazee, wagonjwa na kina mama. Mfanyabiashara mmoja, Lum May, alitoa ushahidi kwa kiapo mwaka uliofuata akieleza kwamba mkewe alishikwa na hofu hata akarukwa na akili. Siku chache baada ya kufukuzwa, nyumba zao zilichomwa moto wasipate pa kurudi. Watu 27, meya akiwa mmoja wao, walishtakiwa. Hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani.

Ndugu msomaji, utaona pia jinsi njia za udhalimu zinavyofanana. Mwaka 1892 sheria nyingine ya Marekani iliwalazimisha vibarua wa Kichina kutembea na cheti cha kuthibitisha kwamba wana haki ya kuwapo nchini; asiye nacho aliweza kukamatwa na kufukuzwa. Huko cheti, kwetu Biryogo kibali, na kule Kenya katika utawala wa Mwingereza lilikuwa lile kipande lililoning'inizwa shingoni mwa Mwafrika. Bahari ni tofauti na rangi za wahusika ni tofauti, lakini karatasi ni ile ile: binadamu anaambiwa kwamba miguu yake si mali yake. Sheria za kuwazuia Wachina hazikufutwa mpaka mwaka 1943.

Wala asije mtu akadhani kwamba haya ni dhambi ya Mzungu peke yake. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na wengi walikuwa wamezaliwa pale pale. Mwaka 1982, katika nchi hiyo hiyo, maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa majumbani mwao upande wa Mbarara, mifugo yao ikaporwa, nao wakasukumwa mpakani. Walikuwa wamelishika jembe la Uganda kwa miaka mingi. Sisi Waafrika tumekwisha kuwa wafukuzwa, na tumekwisha kuwa wafukuzaji.

KWA NINI KUTEMBEA?

Tarudi Tacoma. Mji huo ulinyamaza kwa zaidi ya karne moja. Hatimaye mwaka 1993 baraza la mji lilipitisha azimio la kukiri kwamba kilichotendwa kilikuwa kosa. Wakazi wakajenga bustani ya upatanisho ufukweni, penye majengo ya mtindo wa Kichina. Tena wamekuwa wakifanya matembezi ya kumbukumbu: watu wa kila asili hukusanyika, nao hutembea pamoja.

Binti yangu aliuliza swali zuri: “Mama, kwa nini watembee? Si wangesoma tu kitabu?”

Nilimjibu hivi. Kitabu ni kizuri, nami mwalimu siwezi kukidharau. Lakini yako makosa yaliyotendwa kwa miguu, na hayo hukumbukwa vizuri zaidi kwa miguu. Wachina wa Tacoma walitembezwa kwa nguvu, kila familia ikibeba ilichoweza, huku majirani wakitazama madirishani. Wajukuu wa wale majirani wanapotoka sasa na kutembea bega kwa bega na watu wa asili ya Kichina, wanafanya lile ambalo babu zao walipaswa kulifanya siku ile: kutoka ndani ya nyumba na kusimama upande wa mwenye kuonewa. Na Waswahili wa Biryogo, ambao dhuluma yao ilikuwa kuzuiwa kutembea, watakumbukwa vipi kama si kwa kuipita kwa hiari ile njia waliyokuwa wakiipita kwa karatasi?

Sisi wa Rwanda hatuhitaji kufundishwa na Tacoma maana ya kutembea. Kila mwaka, kuanzia tarehe 7 Aprili, taifa huingia katika Kwibuka, siku za kuwakumbuka waliouawa katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, yaliyoangamiza zaidi ya watu milioni moja katika siku mia moja. Tangu mwaka 2009 vijana walianzisha matembezi ya kukumbuka, na desturi hiyo imeenea hata nchi za ng'ambo. Nami nataka nieleweke barabara: siweki kambi za Waswahili wala yaliyowapata Wachina katika mizani moja na mauaji ya kimbari. Hayo hayana mfano, na ni makosa kuyapunguza kwa kuyalinganisha. Ninachosema ni kwamba barabara iliyofika huko ilianza mbali, na mwanzo wake ulikuwa maneno: kicheko, jina la utani, mzaha juu ya pua na kimo, karatasi yenye kueleza mtu ni wa kabila gani. Taifa lililolipa gharama hiyo halina ruhusa ya kukidharau kicheko cha mtoto mtaroni.

Liko pia jambo la fahari ambalo kila mtoto wa mitaa hii anapaswa kulijua. Mwaka 1994 Waislamu wengi wa Biryogo na Nyamirambo waliwaficha Watutsi majumbani mwao na misikitini, wakihatarisha roho zao. Sisemi wote, walikuwamo waliotenda maovu, na historia ya kweli haichagui. Lakini wengi walikataa. Bibi jirani yangu ana maelezo yake: “Tulijua maana ya kuambiwa huyu si mwenzenu.” Watu waliotengwa kambini ndio waliofungua milango. Sijui mafundisho ya uraia yanayoweza kulishinda hilo.

MATEMBEZI YETU YA JUMAPILI

Nilimwuliza bibi kama angekubali kutembea nasi. Alicheka, akasema magoti yake ni ya zamani za Mbelgiji vile vile, lakini atajaribu.

Basi Jumapili asubuhi tulitoka Rwezamenyo: mimi, binti yangu, watoto wanne wa majirani waliokuwa katika kundi lile la mtaroni, mama zao wawili, na bibi na mkongojo wake. Hatukuwa na bendera wala kipaza sauti. Tuliteremka kuelekea Biryogo pole pole, tukisimama kila bibi aliposimama. Alituonyesha alikozaliwa, ingawa nyumba yenyewe haipo tena. Alituonyesha mahali ambapo, kwa kumbukumbu yake, baba yake alikuwa akigeuka na kurudi kama hana karatasi. Leo hapo hapana alama yoyote. Watu hupita na mikate yao na simu zao bila kujua kwamba wanavuka mpaka.

“Kwani walikosa nini?” mmoja wa watoto aliuliza.

“Hawakukosa kitu,” bibi akajibu.

“Basi kwa nini hawakutoroka?”

“Mjukuu wangu, utatoroka nyumbani kwako uende wapi?”

Tuliupita msikiti wa Al-Fatah, tukapumzika Biryogo, katika ile njia iliyofungwa magari na kutandazwa meza. Tulipokuwa tukinywa chai, binti yangu alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza polepole: “Mama, na yule Mchina wa mtaroni, yeye ana karatasi?”

Nilimwambia kwamba bila shaka anayo ya safari na ya kazi, kama wageni wote. Nikamweleza vile vile kwamba barabara iendayo Rusumo, inayotuletea mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam, ilijengwa na Wachina miaka ya 1970. Na kwamba huko Gongo la Mboto, Dar es Salaam, yako makaburi ya Wachina waliokufa katika kazi ya reli ya TAZARA, wakazikwa mbali na mama zao. Hatulazimiki kumpenda kila mgeni, wala kunyamaza akitenda kosa. Mgeni mkosaji huambiwa kosa lake kama mwenyeji. Lakini huambiwa kosa alilolitenda. Hachekwi uso aliozaliwa nao.

YA KUFANYA MZAZI

Kama wewe, ndugu msomaji, ungependa kufanya matembezi ya namna hii na watoto wako, popote ulipo, nakupa mwongozo mfupi uliotokana na makosa na mafanikio yetu.

Kwanza, mtafute mzee anayekumbuka. Mzee hakopeshi miaka yake. Ukingoja mwakani huenda usimkute. Usimhoji kama karani. Mwache aongoze, nawe ufuate mwendo wake.

Pili, chagua njia fupi. Miguu ya mtoto ikichoka, masikio nayo hufunga. Chukueni maji na kofia, na muwe na mahali pa kupumzika.

Tatu, pima maneno kwa umri. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuelewa kufukuzwa na kuzuiwa. Habari za mauaji zimngoje akomae, na wakati huo azisikie kwa mtu mzima anayempenda, asizisikie kwa mara ya kwanza njiani.

Nne, usimwonyeshe mtoto kwamba daima wabaya ni wengine. Ukimweleza waliyotendewa watu wake, mweleze pia waliyoyatenda watu wake. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tano, na hili ndilo zito, anza na nafsi yako. Mimi sikumwadhibu binti yangu. Ningemwadhibu kwa kosa ambalo mimi nililipigia muhuri kwa kicheko. Nilimwomba radhi mbele ya bibi, nikamwambia kwamba siku ile mama yake alikosea. Aliduwaa. Nadhani hakuwa amefikiri kwamba mama hukosea.

TULICHELEWA

Sasa nikumalizie kisa chetu. Watoto wenyewe, bila kuambiwa na mtu, walikubaliana kwamba wamwombe radhi yule fundi wa Kichina. Binti yangu aliyapanga maneno yake tangu usiku: atamwita “mzee”, atasema samahani, na atampa ndizi mbivu. Jumatatu walimngoja mtaroni. Hakuja. Jumanne hakuja. Nilikwenda kumwuliza msimamizi, akaniambia kwamba kipimo cha mteremko kimekwisha na mtu huyo amehamishiwa kazi nyingine nje ya Kigali. Hakujua kama atarudi.

Watoto walisimama na ndizi zao mkononi. Mwishowe walizigawa kwa vibarua waliokuwa wakimwaga saruji, nao wakazila kwa furaha bila kujua zilikuwa za nani.

Nimefikiri sana juu ya ndizi hizo. Tacoma ilichelewa miaka 108, na wote waliostahili kuambiwa neno lile walikwisha kufa. Sisi tulichelewa siku tisa tu, na hata hivyo tulichelewa. Kiswahili, kilichokuwa sababu ya watu kufungiwa kambini, Bunge la Rwanda lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwezi Februari 2017. Nalo ni jambo la kushukuriwa. Lakini yule fundi cherehani aliyekuta kaburi la dada yake limefukiwa hakuisikia habari hiyo. Radhi ni kama chakula: ina wakati wake, na ikipoa huliwa na asiyekuwa mwenyewe.

Je, hiyo ni hoja ya kutokukumbuka? Hasha. Matembezi hayamrudishi mfukuzwa. Faida yake ni kwa mgeni anayekuja sasa. Nyuma ya nyumba yetu imepanga familia iliyokimbia vita vya Kongo, yenye mtoto wa umri wa binti yangu, ambaye Kinyarwanda chake bado ni cha kubabaisha. Juzi niliwasikia wakicheza nyuma ya ukuta. Mtoto mmoja alianza kumwigiza anavyotamka. Kukawa kimya kidogo. Kisha nikasikia sauti ya binti yangu ikisema, si kwa ukali, “Mwache amalize kusema.”

Mtaro sasa umekamilika na maji ya mvua yanapita vizuri, hayaingii tena majumbani. Kila ninapouona nakumbuka kwamba aliyeupima mteremko wake alikwenda zake akiwa na picha ya vidole vya watoto wetu, na kicheko changu.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya maharage.